Kabla ya Masika: Namna ya Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Paa la Bati na Madirisha

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka kabla ya mwezi Machi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za masika kwa maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, yakiwamo Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Kilimanjaro, Arusha, Kanda ya Ziwa na visiwa vya Unguja na Pemba. Taarifa hiyo huambatana na ushauri kwa wakulima, wasafirishaji na wasimamizi wa maafa. Mwenye nyumba naye anahusika, ingawa wengi huikumbuka taarifa hiyo siku wanapolazimika kuweka beseni katikati ya sebule.

Makala haya yanawahusu hasa wanaoishi au kufanya kazi katika nyumba zilizoezekwa kwa bati miaka mingi iliyopita. Nyumba hizo ni pamoja na za familia, za walimu na watumishi wa afya, pamoja na madarasa na ofisi za vijiji na mitaa. Katika nyumba za namna hiyo uvujaji hushughulikiwa kwa njia moja iliyozoeleka. Fundi huitwa mvua ikiwa imeanza, hupanda na kopo la lami au mrija wa silikoni, hupaka juu ya sehemu inayokaribiana na palipodondoka maji, kisha hulipwa. Baada ya wiki chache maji hurudi, wakati mwingine palepale, wakati mwingine meta mbili pembeni. Kosa kubwa katika utaratibu huo ni kwamba dawa imepakwa kabla ya kujulikana maji yanaingilia wapi na kwa sababu gani.

Ukubwa wa tatizo unaweza kupimwa kwa hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwa kila meta moja ya mraba. Paa lenye meta za mraba 80 likinyeshewa milimita 30 kwa siku moja, kiasi kisicho cha ajabu wakati wa masika, hupokea lita 2,400. Ikiwa sehemu moja tu ya mia ya maji hayo itapenya, ndani ya nyumba zitaingia lita 24, zaidi ya ndoo moja kubwa. Kinachoonekana sakafuni huwa ni pungufu ya hapo, kwa kuwa maji mengine hunyonywa na mbao za kenchi, dari na plasta. Hayo yaliyonyonywa ndiyo yenye gharama kubwa zaidi, maana huozesha mbao polepole bila mwenye nyumba kujua.

Kwa nini paa la zamani huvuja

Bati haliozi lote kwa pamoja, na mara nyingi paa huanza kuvuja bati lenyewe likiwa bado zima. Mahali pa kwanza kudhoofika ni pale lilipotobolewa kwa msumari. Bati lenye urefu wa meta tatu, likipita katika tofauti ya nyuzi joto 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana, hurefuka kwa takriban milimita moja na nusu, kisha jioni hurudi lilivyokuwa. Mwendo huo hurudiwa kila siku kwa miaka 20 au 30. Msumari uliogongwa kwenye papi, yaani mbao zilizolazwa juu ya kenchi ili kubeba bati, huvutwa kidogo kidogo. Mbao nazo hukauka na kusinyaa, zikauachia msumari. Hatimaye kichwa cha msumari huinuka, tundu lililokuwa la duara hurefuka, na maji hupata njia.

Sababu ya pili ni kutu. Bati la chuma hulindwa na tabaka jembamba la zinki, au la mchanganyiko wa zinki na aluminiamu. Tabaka hilo likiisha, chuma hubaki bila kinga. Katika maeneo ya pwani upepo wenye chumvi huharakisha hali hiyo, na ndiyo maana bati lililodumu miaka mingi Dodoma laweza kuchoka mapema likipelekwa Bagamoyo au Pangani. Unene nao una nafasi yake. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba inavyopanda, unene unapungua. Wapo wanunuzi wanaodhani kinyume chake.

Sababu ya tatu haitokani na uzee bali na mikono ya watu. Paa lililokuwa zima hutobolewa na mtu wa dishi la televisheni, mtu wa sola, mtu wa tangi la maji au wa bomba la kutolea hewa chooni. Kila mmoja hufanya kazi yake vizuri na kuondoka, na tundu alilolitoboa halina mwenyewe. Anayekagua paa lake aanze hapo, kabla ya kulilaumu bati.

Tone linapodondokea si pale maji yanapoingilia

Maji yakishapita kwenye tundu hayadondoki moja kwa moja. Hushikamana na upande wa chini wa bati, hufuata mteremko hadi kwenye papi, hutembea juu ya papi hadi kwenye kenchi, hushuka na kenchi hadi kwenye dari, kisha hutafuta ungo wa dari na kudondoka hapo. Umbali kati ya tundu na tone unaweza kuwa wa meta kadhaa. Kwa kawaida tundu huwa juu zaidi ya tone, kuelekea kwenye kilele cha paa, na huko ndiko pa kutafuta.

Njia nyepesi ya kutafuta haihitaji mvua. Ingia darini mchana wa jua kali, funga mlango au mfuniko wa dari, tulia kwa dakika chache hadi macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Wekea alama ya chaki papi au kenchi iliyo karibu, na kama kuna mtu nje, ingiza waya mwembamba kwenye tundu ili aliyeko juu aone lilipo. Unapotembea darini kanyaga kenchi pekee. Singibodi na jipsamu haziwezi kubeba uzito wa mtu.

Hata hivyo, si kila uvujaji huonyesha mwanga. Maji yanayopita kati ya bati mbili zilizopandana huja kwa kupinda, na mwanga haupindi. Kwa hayo hutumika maji ya bomba. Mtu mmoja hukaa ndani na mwingine humwagia paa maji akianzia chini, karibu na upenu, akipanda sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu akiipa dakika tano hadi kumi. Kuanzia chini ni jambo la lazima. Anayeanzia kileleni hulowesha paa zima kwa mara moja, na maji yakitokea ndani hawezi kusema yameingilia wapi. Asiye na bomba lenye nguvu anaweza kutumia ndoo na kopo, mradi afuate mpangilio huohuo.

Liko jambo moja ambalo huwachanganya hata mafundi, hasa katika maeneo ya baridi kama Njombe, Makete na Lushoto. Asubuhi dari huonekana ina unyevu ingawa usiku hapakunyesha. Huo si uvujaji. Mvuke wa jikoni na wa pumzi za waliolala hupanda, hukutana na bati lililopoa, na kugeuka maji upande wa chini wa bati. Kuziba paa hakusaidii kitu hapo. Kinachohitajika ni hewa kupita darini kwa kuacha matundu ya hewa yenye wavu chini ya upenu au kwenye kuta za pembetatu za pande mbili za nyumba. Dalili ya kutofautisha ni rahisi. Mvuke huacha matone madogo yaliyotawanyika sehemu kubwa ya bati, ilhali uvujaji huacha mstari au doa lenye ukingo wa rangi ya kahawia.

Misumari kwanza, dawa baadaye

Msumari ulioinuka usigongwe tu ukarudi mahali pake. Tundu lake limekwisha kupanuka, na baada ya siku chache za jua utainuka tena. Utoe, kisha weka skrubu ya kuezekea iliyo nene kidogo kuliko msumari huo, yenye washa ya mpira, na uikaze hadi washa iguse bati na kutulia. Ikikazwa kupita kiasi washa hupasuka au kubinuka, na bati hubonyea na kufanya kidimbwi kuzunguka skrubu. Ikiwa papi imeoza kiasi kwamba skrubu haishiki, skrubu yoyote ni kazi bure. Papi ibadilishwe au iongezewe mbao pembeni.

Kwa mabati ya migongo midogo yaliyopigiliwa misumari, mahali sahihi pa msumari ni juu ya mgongo, kwa kuwa maji hupita bondeni. Paa ambalo aliyeezeka alipiga misumari bondeni litavuja hata likiwa jipya, na dawa ya kuziba itakuwa inapakwa kila mwaka. Gharama ya kung'oa, kuziba matundu ya bondeni na kupigilia upya ni kubwa kwa siku moja lakini hulipwa mara moja.

Baada ya misumari hufuata mapandano. Kanuni yake ni ileile ya magamba ya samaki au ya makuti: kilicho juu humfunika aliye chini. Bati la juu lilifunike la chini kwa angalau sentimita 15 katika paa lenye mwinuko mzuri, na kwa sentimita 20 hadi 25 katika paa lililolala. Upungufu wa hapo huruhusu upepo kusukuma maji kurudi nyuma, au maji kunyonywa kati ya bati mbili zilizogusana kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kanuni hii huvunjwa zaidi wakati wa kubandika viraka. Fundi huchukua kipande cha bati na kukiweka juu ya tundu, ukingo wake wa juu ukiwa wazi kuelekea kileleni, na maji yote yanayoshuka hukutana na ukingo huo. Kiraka kikubwa kinapaswa kuchomekwa chini ya bati lililo juu yake, kisha kipite juu ya lile lililo chini. Kama tundu ni dogo na hapana budi kubandika juu, kiraka kizidi tundu kwa sentimita tano kila upande, kilazwe juu ya utepe au gundi ya kuzibia iliyoenea bila kuacha pengo, na kifungwe kwa ribiti.

Bati lililotobokatoboka kama chujio lisizibwe. Libadilishwe, na bati jipya liwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Sehemu mbili zinastahili uangalifu wa pekee. Ya kwanza ni pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya bonde. Majani ya mwembe au mwarobaini yakijaa hapo, maji hupanda juu ya kingo za bati la bonde na kuingia ndani, na hakuna tundu lolote litakalopatikana kwa sababu halipo. Kufagia bonde na gata kabla ya msimu ni kazi ya nusu saa, nayo huponya uvujaji mwingi kuliko dawa yoyote ninayoifahamu. Nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinategemea usafi huo zaidi, kwa kuwa maji yakikwama huko hayana pa kwenda isipokuwa ndani.

Ya pili ni pale paa linapokutana na ukuta, kama vile kibaraza au jiko lililoongezwa baadaye ubavuni mwa nyumba. Waashi wengi huziba mwanya huo kwa mchanga na sementi. Kazi hupendeza siku hiyo, lakini bati hurefuka na kusinyaa kila siku ilhali sementi haisogei, hivyo ufa hutokea katika miezi michache ya mwanzo. Zaidi ya hapo, sementi mbichi hula zinki, na bati huanza kutoboka kwenye mstari huohuo. Njia inayodumu ni kuchimba mfereji mwembamba ukutani, kuchomeka ndani yake ukingo wa bati lililokunjwa, na kuliacha bati hilo lishuke juu ya paa bila kufungwa nalo. Hapo ukuta na paa kila kimoja husogea kivyake, na maji hupita juu ya vyote viwili.

Dawa za kuzibia na mahali pake

Ni baada ya kazi hizo ndipo dawa ya kuzibia hupata maana. Aliyeko dukani hukutana na aina nyingi, na bei peke yake si kigezo kizuri.

Lami ni rahisi kupatikana na hushika haraka. Udhaifu wake ni jua: hukakamaa, hupasuka, na chini ya nyufa zake maji hukaa na kuendeleza kutu ambayo haionekani. Paa linalokinga maji ya kunywa lisipakwe lami, kwa kuwa maji yanayopita juu yake hubeba harufu na kemikali. Tahadhari hiyo ni muhimu kwa shule, zahanati na kaya zinazovuna maji ya mvua kwenye matangi. Vivyo hivyo zisitumie vipande vya risasi wala rangi zenye risasi sehemu yoyote ya paa au gata.

Silikoni hustahimili jua vizuri, lakini ziko za aina mbili. Ile yenye harufu kali kama ya siki hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo hushambulia zinki ya bati. Inafaa kwa kioo. Kwa bati inunuliwe ile isiyo na asidi, na maelezo yake huandikwa kwenye mrija. Muuzaji aombwe aisome pamoja na mnunuzi. Silikoni haishiki rangi, na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Kuongeza tabaka jipya juu ya lililobambuka ni kupoteza mrija.

Utepe wa mpira wa butili, ambao hubaki laini na kunata kwa miaka mingi, unafaa kati ya bati mbili zilizopandana, ukibanwa na skrubu, mahali ambapo jua haliupigi moja kwa moja. Gundi za poliyurethani zinafaa kwenye miunganiko inayosogea, kama vile kati ya ukuta na fremu. Aina yoyote itakayochaguliwa, uso unaopakwa uwe umesuguliwa kwa brashi ya waya, umefutwa vumbi na umekauka kabisa. Kwa sababu hiyo peke yake, kuziba paa wakati wa mvua ni kazi isiyo na matumaini. Mwezi Februari kwa maeneo ya masika, na Septemba au Oktoba kwa mikoa ya msimu mmoja kama Dodoma, Singida, Mbeya, Ruvuma na Mtwara ambako mvua huanza Novemba, ndio wakati wake.

Madirisha

Wakati mwingine paa hulaumiwa bure. Doa lililo chini ya dirisha, au unyevu unaopanda kwenye pembe ya ukuta karibu na fremu, hutokana na mvua inayopigwa na upepo. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na upenu mpana na baraza, hivyo mvua haikulifikia dirisha kirahisi. Nyumba nyingi za sasa zina upenu mfupi, nalo dirisha limeachwa lijitetee lenyewe.

Tazama kwanza kizingiti cha chini, upande wa nje. Kinapaswa kuteremka kuelekea nje na kutokeza mbele ya ukuta. Kama kimelala sawasawa au kinaelekea ndani, maji hukaa juu yake na kutafuta ufa chini ya fremu. Kirekebishwe kwa plasta mpya yenye mteremko. Chini ya sehemu inayotokeza pawe na mfereji mwembamba, wenye upana wa kidole kidogo, unaokatiza safari ya maji ili yadondoke badala ya kutambaa nyuma hadi ukutani. Mfereji huo ni kitu kidogo mno kiasi kwamba wapaka plasta huuziba bila kujua kazi yake.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yana jambo lake. Reli ya chini hutengenezwa ili ipokee maji, kisha iyatoe nje kupitia vitundu vidogo vilivyo upande wa mbele. Vitundu hivyo vikijaa vumbi, mchanga au mabaki ya plasta, reli hujaa na maji humwagikia ndani. Mwenye nyumba akiona maji yakitokea kwenye reli huita fundi, naye huziba kila mwanya anaouona, vikiwamo vitundu vyenyewe. Tangu siku hiyo dirisha halina namna ya kutoa maji. Vitundu visizibwe kamwe. Visafishwe kwa waya na maji. Pa kuziba ni pembeni na juu, kati ya fremu na ukuta, kwa gundi inayovutika wala si kwa sementi.

Katika madirisha ya chuma ya zamani, kioo hushikiliwa na pati ambayo ikizeeka hukauka na kumeguka. Iondolewe yote, chuma kisuguliwe kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha pati mpya ipakwe kwa mshazari ili maji yateleze. Luva za kioo, hata zikifungwa, hazizuii mvua ya upepo, na hakuna dawa ya hilo. Dirisha la luva linaloelekea upande wa mvua huhitaji kibati cha kulikinga kwa juu, au kubadilishwa.

Paa la asbesto

Kila kilichoelezwa hapo juu kinahusu bati la chuma. Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa mabati ya kijivu, mazito na yenye mawimbi makubwa, ambayo yakigongwa hutoa sauti ya kigae badala ya sauti ya chuma. Yaelekea hayo ni mabati ya sementi yenye nyuzi za asbesto. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na hatari hiyo hutokana na kuvuta vumbi lenye nyuzi hizo.

Paa la namna hiyo likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likitobolewa, likikatwa kwa msumeno, likisuguliwa kwa brashi ya waya au likivunjwa, nyuzi hupeperuka. Kwa hiyo mwananchi asilirekebishe mwenyewe, asimwite fundi wa kawaida kulitoboa, wala asitumie vipande vyake kujengea banda la kuku au kufunikia shimo. Atoe taarifa kwa afisa mazingira au mhandisi wa halmashauri yake, na kama jengo ni mahali pa kazi, kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Aidha, mabati hayo huvunjika ghafla chini ya uzito wa mtu. Hakuna anayepaswa kupanda juu yake.

Umeme, ngazi na afya

Maji yakionekana kwenye taa, swichi au soketi, zima swichi kuu ya nyumba ukiwa umesimama mahali pakavu, na usiiwashe hadi mfumo ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kukauka kwa taa kwa macho hakuonyeshi hali ya waya zilizo darini. Kwa wanaopanda paani, bati lililolowa huteleza kama sabuni. Kazi isifanywe kukiwa na mvua au radi, na ngazi ishikwe na mtu wa pili.

Nyumba yenye unyevu wa kudumu pia huotesha kuvu kwenye kuta, nguo na magodoro. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, lilihusisha hali hiyo na dalili za magonjwa ya njia ya hewa na pumu. Watoto wenye kikohozi kisichoisha katika nyumba inayovuja wapelekwe kituo cha afya, na chumba wanacholala kiwe cha kwanza kushughulikiwa.

Nani anawajibika

Wapangaji wengi huuliza ni nani anayepaswa kulipia paa. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaweka katika mikataba ya upangaji wajibu wa mwenye nyumba wa kuhakikisha kuwa nyumba ya kuishi inafaa kwa makazi ya binadamu wakati wa kupangisha na katika kipindi chote cha upangaji. Ni busara kwa mpangaji kumwandikia mwenye nyumba barua yenye tarehe na picha mara anapoona doa la kwanza, na kubaki na nakala. Makubaliano ya mpangaji kugharimia matengenezo na kukatwa kwenye kodi yaandikwe kabla fundi hajaanza kazi, si baada ya risiti kupatikana.

Kwa nyumba na majengo ya Serikali yaliyo chini ya Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), taarifa hupelekwa kwa meneja wa mkoa. Kwa shule na zahanati, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi aifikishe kwa mhandisi wa halmashauri kwa maandishi, akitaja chumba, upande wa paa na tarehe uvujaji ulipoonekana. Taarifa inayosema tu kuwa jengo linavuja humlazimu mhandisi kuja mara mbili.

Katika kumchagua fundi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa vyeti kwa waliosoma vyuoni na pia kwa waliojifunza kazini kupitia urasimishaji wa ujuzi, hivyo fundi mzoefu wa mtaani anaweza kuwa na cheti ingawa hakuwahi kukaa darasani. Aulizwe maji yanaingilia wapi kabla ya kuulizwa bei. Asiyeweza kujibu bila kuingia darini ni mkweli, na apewe nafasi ya kuingia. Anayejibu akiwa bado getini atafutiwe mbadala. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya paa kumwagiwa maji kwa utaratibu ulioelezwa, mwenye nyumba akiwa ndani na tochi, na paa likaguliwe tena siku ya mvua kubwa ya kwanza, wakati alama za chaki bado zinaonekana kwenye kenchi.